Mapanga ya Dastani

Keko, Jumanne

Kumbe kosa lilikuwa kwenye koili zangu mwenyewe.

Mota niliitoa kwenye mashine mbovu ya kufulia iliyotupwa na Mzungu mmoja wa Oyster Bay. Nikaisuka upya koili zake za waya, ili ikizungushwa na upepo itoe umeme. Ikazunguka, taa haikuwaka. Nikamlaumu Dastani, jirani yangu mchongaji, kwamba mapanga ya mbao ya kushika upepo aliyonichongea ni mazito. Kila jioni akawa anayapunguza, na mie kila asubuhi namwambia bado. Jana moja likavunjika kwa wembamba. Nikamfokea mbele ya mkewe!

Leo nimefumua waya. Koili moja niliisuka kinyume na zile nyingine, kwa hiyo umeme ulikuwa unapingana humo humo ndani. Nimeirekebisha, nikazungusha kwa mkono, taa ikawaka. Wala sikufurahi.

Nikatoka nikamwambie. Nikamkuta mlangoni pangu, amekumbatia mapanga mapya ya mninga, vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Nisamehe kwa lile la jana, fundi," akasema. "Safari hii nadhani nimepatia."

Nikayapokea. Nikasema ahsante, basi.