Udongo Juu ya Mama

Jumatatu, 3 Oktoba 1938. Bugene
Kahawa, kisha kibanjani, shambani mwetu mwa migomba. Nyasi alizotandaza mama kabla hajafa bado zimelala chini ya migomba. Nimeinua kidogo: udongo mweusi, chengachenga, minyoo wameutoboa kila mahali. Maji huzama humo kama kwenye chujio. Nimeongeza nyasi kaburini kwake, katikati ya migomba. Udongo wa kaburi bado haujashikana.

Alhamisi, 6 Oktoba
Amri imetoka. Bwana Shamba anasema wadudu wa migomba hujificha kwenye nyasi. Kila kibanja kifagiliwe hadi udongo uonekane, takataka zichomwe. Takataka! Asiyetii atafungwa. Wadudu wapo, sibishi. Lakini anayechoma nyumba kwa sababu ya kunguni ni mjinga, hata akivaa kofia ya jua.

Jumamosi, 8 Oktoba
Barazani kwa mkungu, mkuu wetu wa kijiji. Nimemwaga kibuyu cha maji penye nyasi: yakazama. Cha pili nikamwaga uani kwake palipofagiliwa: yakakimbia hadi kwenye viatu vyake. Watu wakacheka. Mkungu akasema, "Mwalimu, magazeti ya kutusomea yamekwisha, sasa unafundisha maji kutembea?" Wakacheka zaidi. Nimewaita waoga. Narudia hapa: waoga.

Jumatano, 12 Oktoba
Nimerudi kutoka Rugera, kibanja kiko uchi. Mdogo wangu Leonidi amefagia kila kitu. Hata kaburi.
"Kaka, wewe unagombana, watakayemfunga ni mimi."
Namchukia leo. Naandika bila haya.

Jumanne, 18 Oktoba
Mvua mbili kubwa. Matone yameupiga udongo mtupu, chenga zimevunjika zikawa uji, uji umeziba matundu, jua limeukausha. Ganda gumu kama chungu. Nimelivunja kwa jembe: chini pakavu. Mvua yote imepita juu.

Ijumaa, 21 Oktoba
Mvua tena. Maji yametelemka juu ya lile ganda, yakitafuta mahali pa kuingia. Palikuwa na mahali pamoja tu: kaburini. Kaburi limetitia, shimo linafika gotini. Mke wangu Yustina ndiye aliyeona kwanza, akapiga yowe. Leonidi akakaa kwenye matope, akalia. Nikamwambia, "Umemfagia mama." Nilikuwa nimeliandaa neno hilo siku nyingi. Halikunipa raha yoyote.

Jumapili, 23 Oktoba
Baada ya misa, mimi na Leonidi tumerudisha nyasi kibanja kizima. Mkungu alipita njiani, akatazama, akaenda zake.
Kisha kaburi. Tumelijaza udongo hadi likawa kichuguu.
"Tuuache hivi, kaka?"
Hapana. Udongo ukibaki umelegea utakunywa maji tena. Tumevua viatu, tumeukanyaga polepole, kuanzia upande wa miguu yake. Mimi, niliyepiga kelele udongo uachiwe matundu yake.
Upande wa kichwa sikuweza kukanyaga. Hapo nimeushindilia kwa viganja.