Sauti za Mume wa Bi Somoe

Jumanne, Masoko

Nazichukia hizi programu za kusafisha simu, na mafundi wanaozisifia. Leo Bi Somoe, mfagizi wa ofisi yetu, kaniletea simu yake. Ilikuwa nzito kufunguka, fundi wa sokoni akaisafisha kwa programu hizo, akafuta kila kitu. Ndani mlikuwa na sauti za marehemu mumewe, alizomtumia alipokuwa kazini kisiwani Songo Songo.

"Wewe si ndiye mtaalamu wa kompyuta, mwanangu? Zirudishe."

Nilihangaika nayo hadi adhuhuri. Wapi! Nakala hana popote, na nani alimfundisha kuweka?

"Hazirudi, mama."

"Mbona fundi kasema ametoa takataka tu?"

Nilimrudishia simu yake. Akaiweka simu sikioni, akasikiliza kwa muda. Kisha akachukua ufagio, akaniomba ninyanyue miguu.