Mnada wa Mgodi wa Cwm Hedydd

Jumatatu, 4 Mei 1868
Shemeji Ithel kaja tena, buti zimejaa matope, wala hakuzivua. Mgodi unauzwa wote, nusu yake na nusu niliyoachiwa na marehemu mume wangu; wosia umempa Ithel uamuzi wa kuuza. Mnada Jumanne ijayo. "Shemeji, makaa ya mawe si kazi ya mjane. Chukua fedha upumzike." Nikamuuliza nani kamwambia nimechoka. Akala mkate wangu na jibini, akaondoka.

Jumatano, 6 Mei
Mnunuzi kaja kukagua — Bwana Thackwell, mwenye mgodi wa ng'ambo ya mlima. Watu kazini, makaa yanapanda, mabehewa yanajaa. Hata hakutazama! Aliuliza tu mpaka wetu unaishia wapi huko chini. Nilipopeleka chai nikamsikia akimnong'oneza Ithel: makaa yetu atayatolea kwenye shimo lake, hili letu alifukie. Na wafanyakazi? Ithel akasema watajijua.
Watajijua!

Alhamisi, 7 Mei
Nimemweleza Shadrach, mnyapara wetu. Akaketi kwenye gogo, pumzi zimemwishia. "Bi Lowri, bonde zima linakula hapa."
Nikamwambia nitanunua mimi. Akacheka. Akaona sicheki.
"Utatuweza?"
"Marehemu alipougua, nani aliwaendesha?"
"Wewe. Tena kwa ukali!" Akavaa kofia, akarudi shimoni anapiga mluzi.

Jumamosi, 9 Mei
Nimetoka mjini. Shamba nililorithi kwa baba nimeliweka rehani. Benki wamekubali. Nimerudi kwa miguu, nimelala kama mtoto.

Jumanne, 12 Mei
Naandikia hapa hapa hotelini, penye mnada, kwa penseli. Thackwell alitaja bei, akaanza kuvaa glavu, kana kwamba yamekwisha. Nikainua mkono. Dalali akachungulia nyuma yangu, anatafuta mwanamume. Ukuta mtupu!
"Ni mimi," nikasema.
Ithel akaruka. "Shemeji, unatuaibisha!"
"Kaa chini. Bei ikipanda, na wewe si unafaidi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.
Thackwell akapanda bei. Nikapanda. Akapanda tena, uso mwekundu. Nikapanda.
Sasa mnada umesimama. Mawakili wamejifungia chumba cha pili, wanabishana iwapo muuzaji, tena mjane, anaruhusiwa kununua. Thackwell kaja kuketi kando yangu, mpole ghafla.
"Bibi, unataka nini hasa?"
"Shimo libaki wazi."
"Na likikufilisi?"
"Litanifilisi likiwa wazi."
Anazivua glavu. Dirishani namwona Shadrach na wenzake, bado weusi wa makaa, wamejaa barabara nzima. Hakuna aliyewaita.
Mlango wa mawakili unafunguliwa. Nimeshasimama —