Pembe Chini ya Kofia

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Dongobesh mahindi yamebeba, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike.

Unauliza kama kweli binadamu huota pembe, maana wenzako chuoni wamekucheka. Niliiona kwa macho yangu, nikiwa muuguzi kijana, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa.

Mfugaji mmoja mzee kutoka Tumati aliingia zahanati, akavua kofia. Juu ya sikio palikuwa na pembe ndefu kama kidole. Nikaigusa: ngumu kama ukucha! Nikachukua kisu niikate usawa wa ngozi. Akanishika mkono.

“Binti, nimeshaikata mara mbili kwa msumeno. Hata ndama, ukiacha shina, pembe inarudi.”

Nikaona aibu, nikampeleka hospitali. Daktari hakuishangaa pembe; alibonyezabonyeza nyama ya chini yake, akaitoa yote na shina, ikapelekwa kupimwa. Kumbe shinani palikuwa na kansa, ndiyo kwanza inaanza. Mzee alipona.

Pembe aliiomba, akaenda nayo nyumbani. Mimi nilibaki na neno lake, na tangu siku ile sikushika kisu kabla ya kumwuliza mgonjwa anajua nini.

Ni mimi bibi yako.