Mlango wa Bibi Kayaga

Nyumbani kwa Bibi Kayaga,
Kijiji cha Nabwonga, Po,
Burkina Faso.
22 Machi 2010

Mpendwa mdogo wangu Katawia,

Salamu zangu zikukute huko Abidjan mkiwa wazima, wewe, shemeji na mtoto. Kile kikohozi chake kimepoa? Mama ananiuliza kila akiniona na kalamu, kana kwamba kalamu ndiyo inayojua. Sisi hatujambo. Joto limetutoa vyumbani, tunalala uani, lakini mtama ulijaa ghalani. Bibi naye yupo: macho yamepungua, mdomo haujapungua hata kidogo.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli kaka yetu Ayira alitaka kuubomoa mlango wa Bibi. Simu ilikatika nikiwa nacheka, nawe nasikia ulidhani nalia. Basi kaa vizuri nikueleze.

Unajua Ayira siku hizi anatembeza watalii. Baada ya mavuno alituletea Bwana Bationo, mwenye kampuni ya safari huko Wagadugu, mtu mrefu, mpole, viatu vinameta. Alizunguka uani akizisifu kuta zetu zenye michoro mpaka tukaona haya. Alipofika mlangoni kwa Bibi akasimama. Wewe unaujua: unapiga magoti, unatambaa, unavuka na kile kikuta cha ndani ndipo unainua kichwa. Akasema wageni wake wengi ni wazee wa magoti mabovu, hawataweza. Mlango ukipanuliwa na taa ikawekwa ndani, yeye ataleta basi kila wiki msimu mzima.

Ayira alikubali palepale, bila kumuuliza mtu. Usimkasirikie haraka. Vijana wa rika lake wote wamekufuata huko kwenye mashamba ya kakao, naye anatafuta sababu ya kubaki.

Siku fundi wa kuubomoa alipokuja na nyundo yake, alimkuta Bibi amekaa mlangoni, kiko mdomoni. Akamwamkia, akangoja apishwe. Bibi akamuuliza habari za mkewe, za watoto, za ng'ombe mmoja mmoja, kisha akaagiza aletewe pombe ya mtama, tena ile kali. Yeye hakusogea. Kufikia adhuhuri fundi alikuwa amelala kivulini na nyundo kifuani.

Ayira akaja, akachuchumaa mbele ya Bibi, akamweleza habari ya basi toka mwanzo hadi mwisho. Bibi alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema polepole, "Mjukuu wangu, mama mkwe wangu siku ya kuzikwa alitolewa kwa mlango huu, na wa kabla yake pia. Mimi nataka kutolewa kwa huuhuu. Mkiupanua, wenzangu huko wataniuliza nimetoka nyumba ya nani. Niwajibu nini?"

Ayira akainuka, akaondoka. Nilimfuata nyuma ya ghala, nikamkuta amejiinamia. Akaniambia, "Dada, na mabinti wakishaondoka wote, nani atazipaka udongo hizi nyumba? Mvua itazila. Hapo huo mlango tutautunza vipi?" Katawia, wote wawili walikuwa na haki, na mimi nimesimama katikati.

Nililizungusha neno hilo kichwani siku kadhaa, hata ugali wangu ukaungua. Mwisho nikawaambia: kama wageni wanataka nyumba ya kuingia wamesimama, tuwajengee yao. Udongo huuhuu, mikono hiihii, ila mlango wa magoti yao. Nyumba ya Bibi waitazame kwa nje.

Bibi alikubali, kwa masharti. Michoro ya ukuta wake isinakiliwe kule. Ngoma ya matanga isichezwe kama hakuna aliyefariki. Na rangi ya dukani asiione hata ndotoni. Bwana Bationo alinung'unika kidogo, hasa kwa hiyo ngoma, na bado anaiulizia kila akija. Anapata jibu lilelile.

Laiti ungeona kazi ilivyokwenda! Mabinti waliokuwa wakikwepa kuchanganya udongo na samadi ya ng'ombe sasa wanagombania ukuta wa kuchora. Bibi anapita akipapasa kwa vidole, maana haoni sawasawa, akikuta mstari umeyumba anaamuru ufutwe. Bwana Bationo mwenyewe tulimvua viatu tukamtia kwenye tope alikanyage. Anakanyaga kama kuku aliyefungwa miguu, lakini hakutoka mpaka lilipolainika.

Basi la kwanza limekuja juma lililopita. Wageni walisugua kuta kwa kokoto pamoja nasi ili zing'ae, nyimbo wakazivuruga, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha tukamwomba Bibi awe wa kwanza kuingia nyumba mpya. Mlango ni mpana na mrefu, hata Bwana Bationo anapita wima. Bibi alipoufikia akainama mpaka chini, akaingia kama anavyoingia kwake. Wageni wakatazamana. Halafu mmoja mmoja, na magoti yao mabovu, wakainama nao. Ayira alikuwa wa mwisho, akafanya vivyo hivyo huku machozi yanamtoka.

Jioni nilimuuliza Bibi kwa nini aliinama. Akasema, "Mgongo wangu umezoea. Wao sijui waliona nini."

Ukuta wa nyumba mpya, upande jua linapochomoza, tumeuacha mtupu. Bibi amesema ni wako kuuchora, na hataki mwingine auguse. Omba ruhusa kwa shemeji, njoo kabla ya mvua, umlete na mtoto akanyage tope la kwao.

Mama anakusalimu, Ayira anakusalimu na anaomba jezi ya mpira. Bibi hasalimu, anasema salamu utazipokea mlangoni kwake, ukiwa umeinama. Mungu na wazee wetu wakulinde njiani na nyumbani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kachana