Nyumba Aliyotoka Owor

Jumatatu, 8 Februari 1954
Darasa la pili hadi mchana, kisha kushona na wasichana wakubwa. Uji wa shule umeungua tena. Jioni Owor amepita na baiskeli, vumbi la pamba limemjaa kichwani. Ni karani kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Hakuuliza kitu. Anajua bado naifikiria posa yake. Nampenda. Hilo si tatizo.

Tatizo ni baba yake. Athieno, mwalimu mwenzangu ninayekaa naye nyumba moja hapa Tororo, ni mtu wa Nagongera na analijua boma lile. Anasema mzee hajawahi kumwita mkewe kwa jina. "Wewe!" basi. Akikasirika humfukuza nje na sufuria zake. Kwetu Busia, Baba humletea Mama kiti kabla hajakaa mwenyewe. Nimekua nikiona hivyo. Mwanamume hujifunza kwao. Naamini hivyo, na ndiyo maana naogopa.

Jumamosi, 13 Februari
Nimekuja nyumbani kwa basi. Nilitaka kumweleza Mama habari za Owor. Sikuweza. Nimemkuta wifi yangu Taaka jikoni, jicho limevimba, mdomo umepasuka. Kaka yangu Wandera amempiga. Chakula kilichelewa. Wandera! Tumbo moja na mimi, baba mmoja, sahani moja.

Baba alikuwa ameketi uani. Nilipomwamkia hakuitikia. Aliniuliza tu, "Aliona wapi haya? Kwangu aliona wapi?"

Nina hasira hata kalamu inanitoka mkononi.

Jumapili, 14 Februari
Kanisani Wandera ameimba kwa sauti kuliko wote. Aibu hana. Mchana Baba amemsindikiza Taaka kwa wazazi wake, ng'ambo ya mpaka, Masinya. Wandera ameambiwa asimfuate mpaka aitwe. Amecheka. Baba hakucheka.

Jumatano, 17 Februari
Kama aliyelelewa vizuri anapiga, aliyelelewa na mzee yule atafanya nini? Au malezi si kitu kabisa? Nimemfokea mtoto darasani bila kosa. Owor amekuja. Nimejifungia chumbani, Athieno akamwambia naumwa kichwa.

Sitaki kuolewa na mtu yeyote.

Jumamosi, 20 Februari
Athieno amechoka na mimi. "Unaogopa kitu hujakiona. Twende ukaone." Tumepanda treni ya asubuhi hadi Nagongera. Owor alikuwa kwao tayari. Hakujua tunakuja.

Tumekuta makelele. Dada yake mkubwa, Akoth, amekimbia kutoka kwa mumewe. Mkono umevunjika, umefungwa kwa vijiti na kipande cha kanga. Mumewe amemfuata pamoja na ndugu zake. Na mzee, baba yake Owor, mrefu, fimbo mkononi, anamwamuru binti yake atoke jikoni arudi kwa mumewe leo hii. Wote wanasema Kidhopadhola, lugha ya kwao nisiyoijua. Athieno ananong'ona sikioni mwangu kwa Kiswahili, tumesimama kando ya ghala kama wezi.

Owor alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Baba, nakuheshimu. Dada haendi."

"Toka hapo."

"Sitoki."

Mzee amempiga fimbo ya bega. Akampiga tena. Nilidhani sasa Owor ataikamata ile fimbo airudishe, nione alivyo. Au atakimbia. Hakufanya lolote. Akabaki palepale.

Ndipo mama yake akatoka jikoni. Mwanamke mfupi, majivu mikononi. Akasimama ubavuni mwa mwanawe. Mzee akamtazama. Akashusha fimbo, akaenda zake nyuma ya nyumba. Mume wa Akoth akapiga kelele kwamba atawashtaki kwa chifu, nao wakaondoka.

Hapo ndipo Owor alituona. Ameona haya hata machozi yakamtoka. Mimi pia nimelia.

Jumatatu, 22 Februari
Owor amemleta Akoth Tororo, amefungwa mkono vizuri hospitalini. Anakaa hapa nasi, analala kitanda changu, mimi nalala mkekani. Mcheshi, kumbe. Amemfundisha Athieno wimbo wa matusi.

Nimemuuliza Owor waziwazi: katika nyumba ile, alijifunza wapi? Amesema hajui sana. Kaka yake mkubwa alikulia humohumo na mkewe anamwogopa. Halafu akasema, "Mama aliumwa sana nilipokuwa mdogo. Akoth ndiye alinilea. Alikuwa ananipa nyama yake, anamwambia Baba yeye ameshakula."

Mimi niliuliza habari za baba tu. Za dada sikuuliza.

Jumanne, 2 Machi
Mume wa Akoth ameshtaki kweli, wote wameitwa kwa chifu Alhamisi. Mzee ametuma neno: Owor akisimama upande wa dada yake mbele ya watu, asikanyage tena kwake. Shamba pia asahau. Owor hali chakula. Naogopa atalegea. Naogopa pia asipolegea, kwa sababu yatakayompata yatakuwa makubwa. Akoth amesema heri arudi tu, yaishe. Nimemkemea kama mwanafunzi.

Alhamisi, 4 Machi
Yamekwisha! Namshukuru Mungu. Naandika ovyo.

Korti ya gombolola, anapoamulia chifu kesi, ilijaa, picha ya Malkia ukutani, joto. Mume amesema sana. Owor amesema kidogo, lakini amesema, na sauti haikukatika. Chifu akamgeukia mzee: unataka binti yako arudi? Mzee amesimama, akatazama watu. Mkewe alikuwa amekaa chini na wanawake, anamwangalia usoni. Nilishika mkono wa Athieno nikaufinya.

Mzee akasema, "Muulizeni mwenyewe."

Athieno alinitafsiria mara mbili, sikuamini. Akoth akasema hataki. Chifu akaamua akae na watu wake, na mambo mengine wazee wa pande mbili wayamalize wenyewe. Nje, mzee amempita Owor bila kumsalimu. Lakini hakumfukuza. Nimepumua. Nadhani sijapumua hivi tangu mwezi uliopita.

Jumapili, 14 Machi
Mama amekuja kunitembelea. Wandera alikwenda Masinya, hakuitwa. Taaka amemwambia bado. Baba amesema ni haki yake. Siku hizi Wandera hacheki.

Nimemwambia Mama kuhusu Owor. Ameuliza kama anakula samaki. Nimesema anakula.

Jana nilimwambia Owor ndiyo. Alisahau baiskeli yake hapa, akaenda kwa miguu. Mvua za kwanza zimeanza tangu saa sita. Mama na Akoth wanachambua mboga sebuleni, hawana lugha moja ila Kiswahili cha sokoni, na wanacheka. Nitalala kidogo.