Maneno Yako Yamefika Mpakani

Makina, Kibera
Jumapili ya pili ya Machi, 2025
Mwaka wa thelathini na tatu tangu tuondolewe shambani kwa Baba

Dada yangu Nekesa,

Pokea salamu za kaka yako ambaye bado anapumua vizuri, ila goti la kushoto linalalamika mvua ikikaribia. Wewe je? Kile kikohozi kimekwisha? Na yule ng'ombe aliyemkataa ndama wake, amelegea? Nijibu hata kwa kifupi.

Uliniagiza mambo mawili: nimwambie mjukuu wako Barasa aache jeshi kabla hawajamrudisha mpakani, kisha mimi na yeye tupande basi tuje nyumbani msimu wa kupanda. Nilikwenda kumwambia. Nakuandikia nikiwa sielewi vizuri nilichokiona, kwa hiyo nitakusimulia kilivyotokea, labda wewe utakielewa kunishinda.

Alipewa likizo fupi, na siku nyingi alizimaliza mtaani Kawangware 46 badala ya hapa kwangu. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nikamfuata. Nilidhani nitamkuta kwenye pombe. Nilimkuta katika duka la kinyozi, amesimama juu ya kreti ya soda, ameshika chanuo karibu na mdomo kama kipaza sauti. Vijana walijaa hadi mlangoni. Kati yao alikuwa koplo wake, mtu mfupi mwenye kicheko kikubwa, na msichana wa Kitui anayeitwa Mueni, fundi wa nguo, ambaye nadhani ndiye anayemfanya Barasa asahau njia ya Makina.

"Mzee, simama kidogo," koplo akaniambia kabla hata sijaketi. "Rais anahutubia."

Nikasimama. Kumbe ni mchezo. Mmoja anaiga sauti ya mmojawapo wa viongozi wa zamani, wale walioongoza nchi zao wakati wa vita au wa kudai uhuru, na wengine wanabahatisha ni nani. Anayekosa ananunua soda. Hotuba zenyewe wanazisikiliza kwenye simu huko kambini. Barasa alikuwa anamwiga mzee mmoja wa Afrika Magharibi, kidevu juu, maneno yakitoka polepole kana kwamba kila moja linatozwa ushuru.

"Huyo si rais, ni chifu wetu akiwa na malaria!" Mueni akampigia kelele.

"Madam, heshimu serikali!" Barasa akamjibu bila kuteremsha kidevu.

Walicheka sana, lakini walicheka wakiwa wamesimama wima. Sikujua kama wanawadhihaki wazee hao au wanawaheshimu. Katika miaka yangu ya kusahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji nimesoma hotuba nyingi za namna hiyo, na sikuwahi kufikiri zinaweza kumchekesha mtu na kumnyoosha mgongo kwa wakati mmoja.

Halafu koplo akasema, "Sasa tupe ile yenyewe." Kinyozi akazima mashine. Barasa akaishusha sauti ya yule rais hadi chini kabisa:

"Mnalia nini? Kuna aliyekufa? Basi inukeni tule, ugali unapoa."

Wote wakaitikia, "Tule!"

Nekesa, niliyatambua maneno hayo.

"Hiyo ni ya nani?" nikauliza.

"Ni ya huyo huyo rais, mzee," koplo akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mgeni. "Alisema hivyo wakati wa vita, maadui wamezunguka ikulu. Na sisi kuna siku tulikuwa kwa handaki tangu asubuhi, risasi zinapita hapa juu, vijana wanalia. Huyu akaitoa na hiyo sauti. Tulicheka, mzee! Tukakula. Siku hizi hatugusi chakula kabla aseme."

Hakuna rais aliyesema hivyo. Ulisema wewe, katika uwanja wa kanisa, wiki ile tuliyofukuzwa, ukisonga ugali katika sufuria ya kuazima huku watoto wakililia nyumba. Ukaendelea kuwaambia wanao, kisha mjukuu huyu uliyemlea mpaka alipokuja kwangu kusoma.

Barasa alinisindikiza hadi steji ya matatu. Bado ananiita Kuka, babu, na wewe Kukhu, nyanya, kama ulivyomfundisha.

"Kuka, umewaambia ni ya Kukhu?"

"Sijawaambia. Mbona maneno yake unampa mtu mwingine?"

"Nikisema ni ya shosho yangu, kila mtu ataanza kumkumbuka wake. Watalia zaidi. Ikiwa ya rais, wanakula."

Nikampa ujumbe wako, wote, bila kupunguza. Hakubisha. Akasema, "Nikitoka, nani atawaambia wale vijana wakule?" Kisha akasimama. "Na wewe, Kuka, usiende nyumbani."

"Kwa nini?"

"Jeshini nimeandikisha wewe, hapo Makina. Kukitokea kitu, watakuja kwako kwanza. Sitaki Kukhu aone gari ya jeshi ikiingia boma. Wewe utajua vile utamwambia."

Nilikwenda kumpa amri, nikarudi nimepewa amri. Alhamisi akaondoka kwenda mpakani.

Sijui kama nilipaswa kumkatalia. Sijui kama nimwonee fahari au nimwonee huruma, wala kama ni haki wewe kuyajua haya ambayo yeye alitaka nikukinge nayo. Niliyakata mara mbili, nikayaandika tena. Ungeniuliza kwa nini sikuja, na mimi na wewe hatujazoea kudanganyana.

Nisalimie shemeji, mumeo, na umwambie apunguze chumvi. Nisalimie mchungaji mzee aliyetufungulia ule uwanja, kama bado anatambua majina. Mdogo wetu Wekesa alime kipande changu huko tulikohamia, msimu huu na misimu mingine, akiite chake, asinisubiri.

Mimi nitakaa hapa, mahali wanapojua kunipata. Sitarudi nyumbani, dada.

Kaka yako,
Simiyu